Uso wa Aliyekanyagwa

Kinole,
Jumatatu, 18 Agosti 2025

Nasibu,

Sikupigii simu kwa sababu sitaki kuisikia sauti yako, wala sitaki unikatize kabla sijamaliza. Barua hii anakuletea Erick, jirani yangu anayeteremsha mdalasini mjini kila wiki. Yeye ndiye aliyeniambia, kwa hiyo usijaribu kukana.

Ijumaa iliyopita Erick alipeleka mzigo nyumbani kwa yule mwalimu mstaafu wa Kihindi, Bi Kokila. Wakati anasubiri mdalasini upimwe alichungulia kwenye ukumbi wao wa ibada ulioko uani. Wewe hukuwepo, ndoo zako za rangi zilikuwepo. Ukutani kuna mwanamke mwenye mikono kumi, amepanda simba, ameshika mkuki. Chini yake kuna nyati aliyekatwa kichwa, na kwenye shingo ya nyati anatoka mwanamume mwenye pembe. Mwanamke amemkanyaga kifuani. Erick anasema hakuhitaji kuuliza yule ni nani. Paji lile, masikio yale, mwanya ule wa meno ya juu. Ni baba yetu, vile alivyokuwa zamani, kabla hajazeeka.

Erick ni mtu mzima wa miaka hamsini, aliona aibu hata kulisema. Alianza kwanza kunisifia maharage yangu.

Baba ana miaka sabini na tisa sasa. Jicho la kushoto limekufa, la kulia lina ukungu. Hatoki kitandani bila kushikwa, na anayemshika ni mimi. Ulikuwa na miaka thelathini na miwili ya kupanda huku na kumwambia ulichonacho moyoni. Hukupanda. Umengoja hadi ameishiwa nguvu, ukaenda kumchora shetani kwenye nyumba ya ibada ya watu wengine, akanyagwe mbele ya wageni.

Futa uso ule kabla ya Jumapili. Sikuombi.

Angelina Fransisko


Mwembesongo, Morogoro,
22 Agosti 2025

Dada Angelina,

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta salamu. Kwa kuwa hukuweka, nami siweki shikamoo.

Nitakueleza kazi yenyewe, maana Erick amekuletea kipande. Unajua mimi ni fundi wa picha na maandishi. Siku hizi kila mwenye duka anachapisha bango kwa mashine, kwa hiyo Bi Kokila aliponiita mwezi wa sita nilishukuru. Mwezi ujao wana sherehe yao ya siku tisa, anataka ukuta wa ukumbi uwe na picha tisa za vita vya miungu na majitu, kama vilivyo kwenye vitabu vyao vitakatifu. Kila picha, kabla sijashika brashi, ananikalisha na kunisimulia.

Siku ya kwanza aliniambia kwamba wale miungu na wale majitu ni ndugu. Baba yao mmoja, mama zao wawili, tena mama wenyewe ni ndugu. Watoto wa mke huyu wakapata mbingu. Watoto wa mke yule wakapata kule chini, na jina baya. Nilicheka mpaka nikaweka kikombe cha chai chini. Bi Kokila akaniuliza kinachochekesha, nikamwambia hakuna.

Ninyi juu Kinole, kwenye maji ya mlima na migomba na karafuu. Sisi chini Mlali, kwenye chumba kimoja cha bati, mimi na mama.

Kuna picha ya tatu, sijui kama Erick aliiona. Pande zote mbili zinavuta kamba moja, zinaisukasuka bahari ili itoe kinywaji cha kutokufa. Wanavuta pamoja, wanatoka jasho pamoja. Kinywaji kilipotoka, miungu wakawazunguka ndugu zao wakanywa peke yao. Kitabu chao wenyewe kinasema hivyo, wala hakioni haya. Hao ndio wazuri wa hadithi.

Sasa kuhusu uso. Ni wa baba, umesema kweli. Pasaka ya 1993 baba alitaka kurudi kwenye komunyo, Padre akamwambia hawezi akiwa na wake wawili. Akachagua. Sikatai, mtu anaweza kuchagua. Lakini vitu vyetu alivitupa njiani mvua ikinyesha, na mama yangu alipoinama kuokota sufuria alimsukuma, na alipoanguka kifudifudi alimwekea mguu mgongoni akamwambia aondoke kabla watu hawajatoka misa. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Wewe ulikuwa na kumi na mitano, umesimama mlangoni, umekunja mikono. Uliona mguu wake ulipokuwa.

Na mama alipofariki, Machi 2016, nilituma habari Kinole. Tulizika saa kumi. Nilimwomba imamu angoje nusu saa, nikiangalia barabara. Hakuja mtu hata mmoja.

Sifuti.

Nasibu


Kinole,
25 Agosti 2025

Nasibu,

Unapenda kuhesabu alichotendewa mama yako. Mama yangu Yuliana naye alikuwa mtu. Alikaa miaka kumi na moja kwenye benchi la nyuma kanisani kwa sababu mumewe alikuwa na mwanamke wa pili kwenye kibanda kilichoko mita mia moja kutoka jikoni kwake. Alikuwa akichota maji anamkuta Mwanahawa kisimani, na ilimpasa asalimie. Ulikuwa mtoto, hukuyaona, na sasa ni mtu mzima na bado hutaki kuyaona.

Siku ile baba alikosea. Sikuwahi kusema hakukosea. Lakini hukuwekwa wewe kumhukumu, tena kwa miungu ambayo si yako wala yake.

Habari za msiba sitazijadili na mtu aliyemtia baba yake pembe.

Nimekwisha kuona kwamba kuongea nawe ni kazi bure. Nitaongea na mwenye ukuta.

Angelina


Kinole,
26 Agosti 2025

Mheshimiwa Mwalimu Bi Kokila,

Shikamoo. Poleni na maandalizi ya sherehe yenu.

Hunifahamu. Mimi ni Angelina, mkulima wa huku Kinole. Mdalasini anaokuletea Erick, nusu yake hutoka shambani kwangu. Fundi wako Nasibu ni mdogo wangu, baba yetu mmoja.

Naandika kwa heshima na kwa haya. Picha ya yule shetani mwenye umbo la nyati imechorwa uso wa mzee wetu Fransisko, ambaye yu hai na ni mgonjwa. Naamini hukuambiwa, kwa sababu mtu mwenye heshima zako asingekubali. Nasibu ana chuki ya muda mrefu na mzee, na ameitumia nyumba yako ya ibada kuimwaga.

Ninaomba uamuru uso ule ufutwe. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu, na watu wameanza kuniuliza kama ni kweli.

Samahani kwa kukusumbua.

Angelina Fransisko


Morogoro mjini,
1 Septemba 2025

Binti Angelina,

Marahaba. Nimefundisha historia na Kiswahili miaka thelathini na minne, kwa hiyo utanisamehe barua ikiwa ndefu.

Ni kweli sikuambiwa. Nilimwita Nasibu nikamuuliza. Akasema, "Nilifanya kazi uliyonituma." Nikauliza tena, akaosha brashi zake akaondoka. Nimeudhika naye. Ukumbi ule aliujenga marehemu mume wangu, na sikupenda kujua kwa barua kwamba kuna ugomvi wa watu ukutani kwangu.

Lakini na wewe nikurekebishe jambo moja. Umeandika "shetani". Yule si shetani mnayemjua kanisani, aliye mbaya tangu mwanzo hadi mwisho. Tunawaita asura. Anaitwa Mahishasura, na nguvu zake alizipata kwa kufunga na kuomba kwa miaka mingi, kuliko hata miungu. Alipopewa, zikamlevya. Aliomba asiuawe na mwanamume yeyote. Mwanamke hakumtaja, kwa sababu hakudhani mwanamke ni wa kuogopwa. Ndiyo maana akaja Durga, yule mwenye mikono kumi.

Nilipokuwa mdogo bibi yangu alinionyesha picha hiyo akaniuliza, uwanja wa vita hivi uko wapi? Nikasema India. Akanigonga kifuani kwa kidole, kwa nguvu, mpaka pakauma. Akasema uko hapa. Nyati ni kile kiburi kinachomvaa mtu mpaka mwenyewe haonekani. Mtazame Durga usoni, haonyeshi hasira. Anamkanyaga nyati ili mtu atoke. Wenzetu wengine wanaosoma vitabu hivyo watakupa maana nyingine, lakini mimi nilifundishwa hiyo na nimezeeka nayo.

Kuna asura mwingine kwenye picha ya tano. Kila tone la damu yake likigusa ardhi, anazaliwa mwingine kama yeye. Kadiri unavyomkata ndivyo wanavyoongezeka. Bibi alisema hiyo ni chuki. Sisemi zaidi, lakini Erick ananiambia barua yako ni ya nne aliyoibeba.

Wala usiwe mwepesi kudhani uko upande wa miungu. Kwenye vitabu vyetu miungu nao wanadanganya, wanaiba, wanaona wivu, na hulipia.

Siwezi kufuta picha kwa kuambiwa. Mimi binafsi baba yenu simjui. Ninachojua ni kwamba wakati anachora sura ile Nasibu alitundika kioo kidogo cha kunyolea kwenye ngazi, akawa anajitazama na kuchora, siku mbili nzima. Njoo uone kwa macho yako. Ukisema ifutwe baada ya kuiona, nitaifuta.

Kokila, mjane wa Jayant


Mwembesongo,
5 Septemba 2025

Angelina,

Kwa hiyo umekwenda kwa anayenipa kazi. Umemwandikia kwa mwandiko wako mzuri wa katibu, na shikamoo umeikumbuka.

Bi Kokila hajanifukuza, ikiwa ndilo ulilotaka. Amebadilika tu. Zamani alikuwa akiniletea chai mwenyewe na kukaa kunisimulia, sasa chai inaletwa na mpishi. Umefaidika nini?

Na hicho kioo alichokuambia ni kifaa cha kazi. Sina picha ya baba hata moja. Unafikiri tuliondoka na albamu? Nilihitaji mifupa ya uso, nikachukua iliyokuwa karibu. Usianze kutafuta maana.

Jumatatu nakwenda Turiani, kuna shule ya chekechea wanataka wanyama ukutani. Nitakuwa huko hadi tarehe 20. Ukitaka kuja kumtazama adui yako, njoo wakati huo. Nisikukute.

Nasibu


Kinole,
15 Septemba 2025

Nasibu,

Nilikwenda juzi Jumamosi, wakati hupo, kama ulivyotaka.

Nilikuwa na safari ya kumpeleka baba kliniki ya macho, nikaona nimalize yote mawili. Niliweka nia kwamba baba abaki nje, kwenye benchi la uani, mimi niingie dakika tano niseme "ifutwe" na tuondoke. Sikujua desturi za Bi Kokila. Alimwona mzee amekaa juani akasema haiwezekani, akamshika mkono mwenyewe akamwingiza ukumbini, akamletea kiti na chai ya maziwa yenye tangawizi. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukuta, nimewapa mgongo. Nilipogeuka baba alikuwa amekwisha kuketi, ameinua uso, anatazama kwa lile jicho moja.

Erick aliniambia habari za shetani. Hakuniambia habari za yule mwanamke, kwa sababu hakumkumbuka. Mimi nilimkumbuka mara moja. Umemweka Mwanahawa. Umemwekea na kile kidoti cha chini ya jicho. Mama yako aliyeswali swala tano, umemvika taji na mikono kumi na umemtundika kwenye hekalu. Nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia hilo tusi, nimelipanga kichwani, ndipo baba akasema, "Mwanahawa."

Hakusema kwa mshangao. Alisema kama mtu anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Akamsalimia. Akauliza kama yu mzima, na mbona amekonda. Bi Kokila akanitazama, mimi nikatazama sakafu.

Kisha akainama mbele, akakunja jicho, akaniuliza yule aliye chini ni nani. Nilikuwa nimeiogopa dakika ile tangu Erick afungue mdomo. Akasogeza kiti mwenyewe, mpaka akafika karibu kabisa na ukuta, akaweka kiganja kwenye uso ule uliouchora.

Akasema, "Huyu si Nasibu? Angelina, mwambie atoe mguu. Anamwumiza mtoto."

Akarudia. Alikuwa anamwambia Mwanahawa sasa, si mimi. Akasema mtoto hana kosa. Akasema aliyemkanyaga Mwanahawa ni yeye baba, si mtoto, basi amwondolee mtoto mguu.

Hakujiona, Nasibu. Alikaa pale muda mrefu na hakujiona kabisa.

Bi Kokila alitaka kumtoa nje, hakukubali. Akasema atangoja Mwanahawa ajibu. Basi ikanibidi niseme. Nilipiga magoti nikamwambia, baba, ile ni picha, Mwanahawa alifariki, ni miaka tisa sasa. Akaniuliza, "Nani alijua?"

Sasa nitakuandikia kitu ambacho sikutaka kukuandikia. Habari za msiba zilifika. Mtu uliyemtuma alinikuta kisimani, saa mbili asubuhi, tungeweza kufika kabla ya kuzika. Nilimwambia nimesikia. Nikachota maji nikarudi nyumbani nikampikia baba uji, nikamtazama anakunywa, nikanyamaza. Mama yangu alikuwa amekufa miaka mitano kabla, na Mwanahawa hakuja kumzika. Nilijiambia tumelingana. Na mwaka 2019, baba alipolazwa mara ya kwanza, alisema nikuite. Nilikaa siku mbili nikamwambia nimekupigia na umekataa. Sikukupigia. Hata namba yako sikuwa nayo wakati ule, na sikuitafuta. Kuanzia siku hiyo baba hakukutaja tena.

Kwa hiyo ulipokuwa unangoja barabarani na imamu wako, aliyekuzuilia baba ni mimi. Umekosea mtu wa kumchora.

Sikuandiki ili unisamehe. Picha yako bado ninaichukia. Bi Kokila aliniuliza kama ifutwe, nikashindwa kumjibu. Baba hataki kula tangu juzi. Anakula kidogo nikimlisha, lakini haongei nami.

Angelina


Morogoro mjini,
22 Septemba 2025

Nasibu,

Sherehe inaanza leo na wewe huonekani. Mpishi anasema ulikuja juzi jioni kutoka Turiani, Erick akakupa barua hapo getini, ukaisoma umesimama, kisha ukaingia ukumbini ukafunga mlango. Jana asubuhi nimekuta ukuta ulivyo, na ufunguo umeuacha juu ya ndoo.

Nimeona ulichobadilisha. Sikukuagiza, lakini sikulaumu. Wageni wangu leo wamesema ni picha nzuri kuliko zote, na hawajui lolote. Mimi najua, na kwa muda nilikosa namna ya kuomba mbele yake.

Nilikasirika nawe na sijaacha kabisa. Ulipaswa kuniambia. Nimewahi kufundisha watoto wenye hasira kuliko yako na hawakunishinda. Njoo uchukue brashi zako. Chai nitaleta mwenyewe.

Kokila


Mwembesongo,
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Dada Angelina,

Shikamoo. Naiweka kwa sababu ni adabu tu.

Nimeichana barua yako, kisha nikaiunga kwa gundi ya karatasi, kwa hiyo maneno mawili matatu siwezi kuyasoma tena. Yanayosomeka yanatosha.

Usiku mmoja nilikaa nikipanga nitakachokutenda. Sitakuandikia nilichopanga, kilikuwa cha kijinga. Nilifikiri miaka yote kwamba baba alisikia kwamba mama amekufa, akanyamaza. Hiyo ndiyo iliyokuwa inanishikisha brashi. Na kumbe alikuwa anakunywa uji. Umeniibia kitu ambacho sijui nikiite nini. Si baba tu. Umeniibia hata haki ya kumchukia sawasawa.

Ukuta nimeubadilisha. Uso wa mtu nimeutoa, aliye chini sasa ana kichwa cha nyati peke yake, na nyati simfahamu. Mama naye nimemtoa. Ulilosema kuhusu swala ni kweli, na lingeniuma kidogo tu kama lingesemwa na mtu mwingine. Alivyosimama pale na mkuki, nilipomtazama kwa mara ya mwisho, nikaona si yeye hata kidogo. Mama katika maisha yake yote hakumkanyaga mtu. Mimi ndiye niliyetaka akanyage.

Lililobaki nataka ulisikie kwangu, si kwa Erick. Jumanne iliyopita ulipokwenda mnadani Mkuyuni, nilipanda Kinole. Nilimuuliza Erick siku usiyokuwepo. Usimgombeze, nilimlazimisha.

Nilimkuta baba amekaa mlangoni, amefunikwa lile shuka lako jekundu. Nilisema shikamoo, akasema marahaba, akaniuliza mimi wa nyumba gani. Nikamwambia. Akanipapasa uso kwa vidole, paji mpaka kidevu, kama anakagua embe. Sikulia na yeye hakulia. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mengi, lakini si kwa hilo la kukaguliwa.

Tulikaa saa mbili hivi. Nilimkata kucha za miguu, maana zilikuwa ndefu, hilo ulishindwa wewe. Nilipokuwa nimeushika ule mguu wa kulia akasema, "Ni huo." Nikamjibu najua. Akaniuliza mama alisemaje baadaye, tulipofika Mlali. Nikamwambia ukweli, kwamba hakusema kitu, ila miaka yote alikuwa akiinua ndoo anashika kiuno. Kisha akauliza kaburi lake liko upande gani wa makaburi, na aliyelala kulia kwake ni nani, na kama kuna kivuli.

Hakuniomba msamaha. Niliungojea, nikaona hauji, nikaacha kungoja. Sijui kama nimemsamehe. Niliondoka kabla hujarudi kwa sababu nilijua nikikuona uso kwa uso siku ile ningesema yale niliyopanga.

Ijumaa hii, tarehe 17, baada ya swala, tunamsomea mama hitma Mlali, kwa mjomba Abeid. Baba ameomba afike, na anataka kupelekwa kaburini kwanza. Nilimwambia nitamwambia anayemshika mkono.

Kwa hiyo mlete. Avae viatu vya kufunika, njia ya makaburini ina miiba. Watu wangu wanajua wewe ni nani na ulichofanya, nimewaambia, na sitawaambia wakuchekee. Ukiweza kukaa nao, mkeka utakuwepo na chakula kitakuwepo. Ukishindwa, mwache baba kwangu, shuka mpaka barabarani, urudi kumchukua saa kumi na moja.

Lakini ukifika kaburini ingia naye mpaka ndani. Mimi nitamshika upande mmoja tu.

Nasibu